Wamisionari na Shahada Zetu



Sisi watu wa Mara tuna msemo wa mkato kwamba elimu tuliletewa na wamisionari. Sawa, lakini elimu ya kufikia wapi?

Mwaka 1934 wamisionari wa Kanisa la Mennonite kutoka Marekani walifika Shirati. Baadaye wakajenga hospitali hapo, na huko Bukiroba, karibu na Musoma, wakafungua shule ya Biblia. Mwaka huo huo wa 1934 mtoto mmoja wa Butiama aliingia shule ya Mwisenge, Musoma mjini. Mwisenge haikuwa ya misheni, ilikuwa ya serikali. Mtoto huyo, Julius Nyerere, alikwenda Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1952 akapata shahada Edinburgh.

Sasa tutazame Sierra Leone. Mwaka 1827 wamisionari wa Kianglikana walianzisha chuo cha Fourah Bay. Nacho kilikuwa cha kuandaa wahubiri na walimu, kama Bukiroba tu. Lakini hakikuishia hapo: tangu 1876 wanafunzi wake walipata shahada za Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Beirut nako Waprotestanti wa Marekani walifungua chuo mwaka 1866, na leo ni chuo kikuu mashuhuri.

Kwa nini basi kwetu haikuwa hivyo? Mimi siwalaumu wale wa Shirati. Wengi walitoka katika jamii za wakulima, na huko kwao kwenyewe elimu ya juu ilitazamwa kwa mashaka. Isitoshe, mgonjwa wa malaria anamtaka daktari, hamtaki profesa.

Leo Butiama imepewa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu. Ni jambo la kushangilia. Ila nauliza: nani ataingia humo? Vijana wetu waliofaulu hupita Bunda ndani ya mabasi, wakielekea vyuo vya Mwanza na Dar es Salaam. Wenzao hubaki pale stendi wakiwauzia maji dirishani. Kijana aliyesoma kemia ubaoni tu, bila kushika chupa ya maabara, hatapokelewa Butiama eti kwa kuwa kwao ni jirani.

Samuel Ajayi Crowther, mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Fourah Bay, alikombolewa kutoka meli ya watumwa mwaka 1822. Chuo kilipofunguliwa miaka mitano baadaye, alikuwa tayari amefundishwa kusoma na kuandika katika shule ya misheni. Makanisa yetu ya Mara yana viwanja, yana waumini, na yanajua kuchangisha. Harambee ijayo iwe ya maabara.