Elimu ya Chakula katika Chuo Kikuu

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya elimu moja ambayo wengi hulisikia jina lake wakatabasamu. Nayo ni elimu ya lishe, yaani elimu ya chakula cha mwanadamu na afya yake, kama inavyofundishwa katika vyuo vikuu.

Tulianza kulifikiri jambo hili kwa sababu ya mzee mmoja, rafiki yetu, aliyetujia siku moja uso wake umekunjamana. Binti yake alikuwa amefaulu vizuri katika kemia na baiolojia, na mzee alikuwa amekwisha kuwaambia jirani zake kwamba mtoto atakuwa daktari. Kumbe binti amechagua kusomea lishe. Mzee akatuuliza, "Ndugu zangu, mimi niuze ng'ombe wawili ili mtoto akafundishwe kupika? Kwani mama yake hakumfundisha?"

Hatukumcheka. Mtu auzaye ng'ombe ana haki ya kujua auzia nini. Basi tukamjibu kwa swali: "Mzee, katika Tanzania, ni wapi penye mahindi mengi?" Akasema mara moja, "Iringa, Njombe, Rukwa. Huko ghala hazikauki." Akasema kweli. Tukamwuliza tena, "Na watoto waliodumaa, wadhani wako wapi wengi?" Akataja nchi kavu, mahali pa ukame. Hapo alikosea, na wengi wetu tungalikosea pamoja naye.

Mwaka 2022 watoto wa Tanzania Bara na Zanzibar walipimwa katika uchunguzi mkuu wa afya ya nchi. Katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 walionekana wamedumaa, yaani urefu wao ulikuwa haba kuliko ipasavyo kwa umri wao. Lakini Iringa waliodumaa walizidi nusu. Njombe na Rukwa walikuwa karibu na nusu. Mikoa ile ile ilishayo wengine ndiyo iliyotangulia kwa watoto waliokosa lishe. Wala kudumaa si ufupi wa ukoo tu, kama wengine wanavyojifariji. Mtoto akidumaa katika miaka yake miwili ya kwanza, si mifupa peke yake ipatayo hasara, hata akili yake hupungukiwa na nafasi ya kukua, na hasara hiyo ni vigumu sana kuirudisha baadaye, hata akilishwa vyema akiwa shuleni.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi chakula chaenda wapi?" Swali hilo ndilo masomo yenyewe.

Mwanafunzi akifika chuoni hapelekwi jikoni kwanza, hupelekwa maabara. Hufundishwa kemia ya vyakula, kazi ya ini na ya damu, magonjwa, na hesabu nyingi kuliko alivyotazamia. Hujifunza ya kwamba chakula mwilini ni kama kuni motoni, na joto lake laweza kupimwa. Katika miaka ya 1890, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Wilbur Atwater pamoja na wenziwe walitengeneza chumba kidogo kilichozibwa pande zote, wakamweka mtu ndani, akala humo na kulala humo siku kadhaa, nao wakapima kila alichokula, pumzi aliyoitoa, na joto la mwili wake. Twakiri kwamba tungependa kujua yule mtu aliwaza nini humo ndani! Lakini kutokana na kazi ya namna hiyo tunayo hesabu itumikayo mpaka leo: gramu 1 ya wanga humpa mtu kilokalori 4, gramu 1 ya protini 4, na gramu 1 ya mafuta 9.

Sasa na tuichukue hesabu hiyo tuipeleke katika nyumba yenye ghala iliyojaa. Yumo mtoto wa mwaka mmoja na nusu, uzito wake kilo 10, naye bado ananyonya. Mbali na maziwa ya mama, mtoto huyu huhitaji kupata katika chakula kiasi cha kilokalori 550 kila siku. Tumbo lake ni dogo, kwa mlo mmoja haliwezi kupokea zaidi ya mililita 300 hivi. Mama ampikia uji wa mahindi, naye kwa huruma aufanya mwepesi ili mtoto aweze kuumeza. Uji huo una unga gramu 5 tu katika kila gramu 100, maji ni mengine yote. Hutoa kilokalori kama 18. Basi ili apate 550, mtoto yampasa anywe lita 3, yaani ashibe mara kumi kwa siku moja. Ni mama gani, wakati wa palizi, atokaye shamba mara kumi? Humlisha mara mbili, pengine tatu. Mtoto hushiba, hulala, hakulia. Kila mtu nyumbani huona kwamba ameshiba, na ni kweli ameshiba, lakini ameshiba maji.

Mama huyu si mvivu wala si mjinga. Akizidisha unga, uji huwa mzito kama ugali, mtoto akautema. Amekwama katikati ya mambo mawili, wala jirani zake hawawezi kumwonyesha njia, maana wao nao wamekwama papo hapo.

Tumekawia katika habari hii ya uji kwa kusudi, kwa kuwa dawa yake ilikuwa imelala jikoni siku zote. Wazee wetu wapikao pombe huloweka ulezi au mtama, wakauacha uchipue, wakaukausha na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania walikichunguza kimea kwa ajili ya watoto. Wakaona ya kuwa nafaka ichipuapo hufanya kitu kiitwacho kimeng'enya, kitu chenye nguvu ya kuukatakata wanga vipande vidogo. Ukipika uji mzito wa unga gramu 20 katika kila gramu 100, ukauepua, na ukiwa bado moto lakini hauchemki ukautilia kijiko cha kimea na kukoroga, baada ya dakika chache uji ule mzito hulainika na kumiminika, wala chakula kilichomo hakikupungua hata kidogo. Kilokalori 18 zimekuwa kama 70. Zile lita 3 zimekuwa mililita 800, yaani milo mitatu. Mama aweza.

Mwenye kusikia haya asikimbilie jikoni kabla hatujamaliza. Kimea kikitiwa katika uji uchemkao, nguvu yake hufa. Kisha uji ukisha kulainika hauna budi kurudishwa motoni uchemke, ili vijidudu vife. Na kwa mtama kuna hatari nyingine: machipukizi yake yana sumu, basi yapasa yakaushwe, yaondolewe kabisa kabla ya kusaga. Mpika pombe ajua kwamba kimea hulainisha togwa, lakini kwa nini hulainisha, kwa moto wa kadiri gani, na sumu i wapi, hayo yahitaji mtu aliyeketi maabara. Tena uji mzuri peke yake hautoshi. Protini ya mahindi ina upungufu, nayo hukamilishwa na maharage, dagaa, karanga au maziwa.

Lakini maabara nayo haikutosha kamwe, na hapa twapenda kuwapa habari za bibi mmoja daktari, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1893. Alisoma Oxford, na mwaka 1929 akapelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Huko aliwaona watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu, ngozi zao zikichubuka, nywele zimefifia rangi, nao wakifa wengi. Walipoonwa na matabibu wengine, ugonjwa ule uliitwa kwa jina la ugonjwa mwingine uliokwisha kuandikwa vitabuni. Bibi Williams hakuridhika. Akawauliza wanawake wa pale, wasemao lugha ya Kiga, wao huuitaje. Wakamwambia: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa nafasi yake, pale mdogo wake azaliwapo.

Tazameni jinsi jina lile lilivyobeba ugonjwa wote! Mtoto ameachishwa maziwa kwa ajili ya mdogo wake, akapewa uji wa mahindi mtupu, naye akavimba. Wale kina mama walikuwa wamekwisha kuona chanzo kabla daktari hajafika na darubini yake. Bibi Williams akaandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina lile la Kiga katika jarida la waganga la London. Wakubwa wengine wa uganga walimpinga, wala hawakukubali upesi. Leo neno lile limo katika vitabu vya uganga vya dunia nzima, na sisi katika Kiswahili twasema kwashakoo.

Kwa sababu hiyo vyuo vyenye busara huwatoa wanafunzi wao nje ya darasa. Katika Afrika ya Mashariki elimu hii hufundishwa, kwa mfano, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika Makerere. Mwanafunzi hufundishwa kupima urefu na uzito, na kuuzungusha utepe katika mkono wa mtoto. Mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ukiwa mwembamba kuliko sentimita 11.5, mtoto yu hatarini, yampasa atibiwe upesi. Utepe ule ni kitu cha bei ndogo, nao umeokoa watoto wengi.

Kupima ni rahisi, kunena na watu ni kugumu. Kijana mmoja tumjuaye alikwenda kijijini mara ya kwanza akiwa na daftari lake safi. Akamkuta bibi kizee anayelea mjukuu. Baada ya shikamoo na marahaba, akamweleza kwa ufasaha faida za mayai. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kuku ninao, na mayai ninayo. Lakini mayai haya ndiyo daftari na kalamu za dada yake mtoto huyu. Basi niambie, nimnyime yupi?" Kijana alifunga daftari lake. Alitueleza kwamba siku ile ndipo alipoanza kusoma, ingawa alikuwa mwaka wa pili. Alirudi kwa yule bibi mara tatu, wakahesabu pamoja mayai ya juma zima, wakaona kwamba mawili yaweza kubaki nyumbani bila ya daftari kukosekana. Mayai mawili si ushindi mkubwa, walakini mjukuu aliyapata.

Kazi za elimu hii si za watoto wachanga peke yake. Hospitalini wanatakiwa watu wa kumpangia chakula mgonjwa wa kisukari, wa figo, na yule mwenye shinikizo la damu. Siku hizi mijini wako wengi waliopatwa na magonjwa hayo, na mara nyingi katika nyumba moja utamkuta baba aliyenenepa kupita kiasi na mtoto aliyedumaa, nao hula sahani moja. Wengine huajiriwa na halmashauri kuwa maofisa lishe, wengine hushughulika na viwanda vya unga, kuona kwamba vitamini na madini yametiwa kwa kipimo cha haki. Nchini Tanzania iko Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973.

Hatutaki kumdanganya mtu. Mshahara wa kazi hii kwa kawaida haulingani na heshima ambayo mzee wetu aliitumaini, na kazi zenyewe hazingojei kila amalizaye. Yuko pia mhitimu arudiye nyumbani na maneno marefu, akawakemea kina mama waliomlea. Huyo angefaa zaidi kama hakwenda. Lakini binti mwenye kichwa cha kemia na masikio ya kumsikiliza bibi kizee, huyo si rahisi kumpata, na mikoa ile yenye ghala zilizojaa inamngoja.

Mambo haya yote tulimweleza mzee, isipokuwa hesabu ya uji, ambayo tulimwandikia katika karatasi ili aende akaifanye mwenyewe na mkewe. Baada ya siku chache akarudi. Hakusema neno la ng'ombe. Alisema mkewe ameisoma karatasi, akaenda moja kwa moja kuloweka ulezi, na ya kwamba binti anataka kujua kwa nini mama aliuhifadhi ujuzi huu kwa ajili ya pombe tu. Kisha akatuuliza ada ni kiasi gani kwa mwaka. Hilo tulimwambia aandike barua kwa chuo chenyewe.

Kwaherini, wasikilizaji.