Kanuni au Mchezaji?



Nimetakiwa niseme machache juu ya ubishi uliozuka jana jioni bwaloni, wazee walipokuwa wakicheza bao: katika mchezo, chenye uzito zaidi ni kanuni au ni mchezaji? Mimi nina deni katika jambo hili, na leo nataka kulieleza mbele yenu.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Miaka iliyofuata watumishi wakaja na watoto wao, na bweni letu likawa na vijana wa kila mkoa. Mimi nilitoka Kongwa. Kwetu tulichimba mashimo ardhini, safu nne za mashimo manane, tukatia vijiwe viwili viwili, jumla 64, tukaanza. Nilidhani hakuna bao jingine.

Mwenzangu wa kitanda cha jirani alitoka Tanga, na alikuja na ubao na kete za komwe. Akanifundisha bao la Kiswahili kwa haraka: kila mtu aweke kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo katika nyumba, na 22 abaki nazo mkononi, akinamua moja moja. Siku moja alikula, akatembeza, kete ya mwisho ikaangukia nyumba yake. Akasema, "Nimelala." Kwetu shimo lenye kete halilaliwi, sharti uzoe uendelee. Nikasimama mbele ya bweni zima nikamwita mwizi. Hakunijibu. Alikusanya komwe zake akazifungia sandukuni, na hatukucheza tena mpaka tulipomaliza masomo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini Dar es Salaam, mzee mmoja alinielewesha. Ukila wakati wa kunamua, na kete ya mwisho ikaingia katika nyumba yako ambayo haijavunjwa, nawe huna cha kula hapo, una hiari ya kulala au kusafiri. Kumbe mwenzangu hakuiba. Alitumia haki yake.

Je, kosa lilikuwa la kanuni? Kanuni zilikuwa mbili, na zote njema. Kilichokosekana ni sisi wawili kuulizana kabla ya kete ya kwanza.

Ndugu zangu, siidharau kanuni. Ndiyo inayomfanya waziri na tarishi wawe sawa mbele ya ubao. Mwalimu Nyerere alipenda bao, na kete hazikumjua kuwa ni Rais. Lakini kanuni haina macho. Baoni hakuna refa. Mchezaji hutembeza kete kwa mkono wake mwenyewe, tena upesi, na asipodondosha mbili katika shimo moja ni kwa sababu ya uaminifu wake. Tena kanuni yenyewe humwachia mahali pa kuamua: alale au asafiri, hilo haliandikwi popote.

Kwa hiyo nasema mchezaji ndiye mwenye uzito zaidi. Lakini simsemi yule mwepesi wa kula kete. Namsema yule anayeketi na kuuliza kwanza, "Kwenu mnachezaje?"

Nanyi vijana, tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, wageni wanazidi kuja, na mtaketi nao darasani na kazini. Mkiona mtu anafanya jambo msilolijua, mwulizeni kabla ya kumpa jina baya.

Mwenzangu wa Tanga ametangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumwomba radhi. Nimeleta ubao mmoja na komwe 64, vikae bwaloni. Watakaocheza kwanza, tafadhali waulizane.