Kichocho cha Ziwani na Mafunzo ya Afya Shuleni



Mtoto wa Dunga au wa Usenge akikatazwa shuleni asiingie ziwani, amepewa amri asiyoweza kuishika. Maji ya nyumbani yatoka humo, nguo zafuliwa humo, na baba yake huvua omena humo. Mafunzo ya afya yaishiayo kwenye makatazo hubaki ubaoni. Yafaa mtoto ajue jinsi ugonjwa uingiavyo mwilini, ndipo apate kuchagua la kufanya.

Watu wa Mombasa wakisikia neno kichocho hufikiri mkojo wenye damu. Kichocho cha Ziwa Viktoria ni cha namna nyingine. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai hutoka kwa choo kikubwa. Kwa hiyo kijana aweza kuona mkojo wake ni safi, akajidhani mzima, kumbe anacho. Mayai yasiyotoka hunasa katika ini. Baada ya miaka mingi ini na wengu huvimba, na wengine hutapika damu hata kufa.

Mtu akijisaidia ufukoni, mayai hufika majini na kuanguliwa, na kijidudu humtafuta konokono mdogo akaaye penye majani ya ukingoni na magugu maji. Baada ya majuma kadhaa konokono huyo hutoa vijidudu vingine vingi, visivyoonekana kwa macho, hasa jua likiwa kali. Hivi hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata ngozi isiyo na kidonda. Lakini visipompata mtu, hufa kwa muda wa siku moja au mbili. Basi maji yaliyowekwa siku mbili katika pipa lenye kifuniko, lisilo na konokono, yafaa kuogea (ya kunywa hayana budi kuchemshwa), na atekaye asubuhi mapema huipunguza hatari kuliko atekaye saa sita mchana.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Mwanafunzi hupimwa urefu wake kwa fimbo ili ijulikane idadi ya vidonge, naye humeza akiwa amekwisha kula. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni. Hata hivyo dawa hii huua minyoo mikubwa, wala haizuii mingine kuingia. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kuwafuata vijana waoshao magari ziwani mjini Kisumu: walitibiwa wakapona, wakarudi kazini, na wengi wakaambukizwa tena na tena.

Tena dawa ya shuleni haimfikii mvuvi wala mama afuaye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye ugonjwa mwingi watibiwe watu wote tangu umri wa miaka 2. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza afundishwe choo na pipa la maji. Lakini mwanafunzi wa sekondari, aliyekwisha kuliona yai kwa hadubini, ana kazi nyingine. Yeye ndiye awezaye kumweleza baba yake kwa nini choo kichimbwe pale mitumbwi inapopakuliwa, mbali kidogo na maji, kabla ya mvua.