Mishale ya kilavye na majina ya wanachama wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kapolowe)



Mulituuliza juu ya orodha ya kese ya kilio. Karani anaandika jina, anataka kurudi nyuma asahihishe herufi moja, anabonyeza mshale, na kwenye ekrani inatokea ^[[D katikati ya jina. Si mchezo. Siku ya kilio tukitafuta jina hilo, odinatere itasema mtu hayuko, na familia inangojea pesa ya sanduku.

Katika terminale, mshale unafika kwa programu kama alama tatu: Escape, kibano cha mraba, na herufi. A ni juu, B chini, C kuume, D kushoto. Desturi hiyo ilienea na VT100, terminale ya kampuni Digital ya Marekani, ya mwaka 1978. Programu yenye kuijua inasogeza kursa; yenye haijui inaandika alama vile zimefika.

Basi, mbele ya kulaumu kilavye, andikeni cat -v, kisha Enter, na mubonyeze mishale yote mine. Kama inatokea ^[[A mpaka ^[[D, kilavye iko muzima. (Ctrl na C, munatoka.) Wafadhili wetu, aksanti sana kwa moyo, lakini musitutumie tena kilavye, betri njo zinakosekana. Kama zinatokea namba, ni ile mishale ya upande wa namba: Num Lock, basi.

Kama ni sh tupu, andikeni bash. Kama programu yenyewe haijui kusahihisha mstari, ifungueni kwa kutanguliza rlwrap mbele ya jina lake. Echo $TERM ikijibu dumb, programu inaamini dirisha haina mishale. Na kama mawasiliano yalikatika katikati ya kazi na sasa munaona ^[OA, andikeni reset.

Yenye kusumbua zaidi ni wakati tunafanya kazi kupitia mtandao mzito. Escape inafika peke yake, zile alama mbili zingine zikingali njiani. Programu inazani umebonyeza Escape kweli, inafunga fishi na jina linapotea. Programu zilizojengwa na ncurses zinangojea muda wa ESCDELAY, kwa milisekunde. Kuna wenye kuupunguza mpaka 25. Sisi tunaandika export ESCDELAY=1000 mbele ya kufungua.

Siku ya ine, kisha soko, makarani wote wafike ofisini na karatasi zao, tupitie majina moja moja.