Kisigino Kikivunjika: Kupasua au Kutopasua?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Nachingwea na Ruangwa



Huku kwetu watu huanguka kila mwaka: huyu alikuwa akipogoa mkorosho, yule akiangua maembe, wa tatu akiezeka paa. Atuaye kwa miguu hupokea uzito wote wa mwili kisiginoni, juu ya mfupa wenye ganda jembamba nje, na ndani laini kama mkate. Ganda likipasuka, ndani hubonyea. Mtu huyo hana budi kukaguliwa na kisigino cha pili, na uti wa mgongo pia, maana maumivu ya mguu mmoja huweza kuficha mengine.

Basi jamaa hukaa barazani wakagawanyika. Kundi moja husema akandwe na fundi wa kienyeji. La pili, na humo tumo sisi makarani wenye kadi za bima, husema apelekwe Dar es Salaam upesi, atiwe vyuma. Nionavyo mimi, makundi yote mawili yana haraka. Kukanda mguu uliovimba ni kuuharibu, na hilo silijadili. Bali kisu nacho chataka kupimwa.

Mwaka 2014 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali 22. Watu 151, ambao mfupa ulivunjika ndani ya kiungo na vipande vikahama, waligawanywa kwa kura: wengine wakapasuliwa, wengine la. Baada ya miaka 2, makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu wala kwa utendaji wa mguu. Lakini madhara na kupasuliwa tena viliwapata 23 katika kila 100 waliopasuliwa, na 4 tu katika kila 100 wa kundi la pili. Sababu haifichiki. Ngozi ya ubavu wa kisigino ni nyembamba, haina nyama chini yake, na jeraha lake huweza kukataa kufunga, hasa kwa mvuta sigara na mwenye kisukari.

Hata hivyo tusiisome habari hiyo nusu. Wale ambao kisigino chao kilikuwa kimepotoka mno hawakuingizwa katika majaribio hayo; kwa hiyo mtu asinyimwe upasuaji kwa hoja hiyo, ikiwa kisigino kimetanuka hata kinagonga mfupa wa kifundo. Tena uchunguzi wa Sweden wa mwaka 2013, juu ya watu 82, ulionyesha dalili ya faida kwa waliopasuliwa, ila baada ya miaka 8 hadi 12. Mkulima avukaye matuta na kupanda vilima akihitaji zaidi kiungo kile kilicho chini ya kifundo kuliko karani akaaye kitini, maana ndicho kiwezeshacho wayo kuinama upande. Amwambie daktari kazi yake, wala asiahidiwe kwamba kisu kitakirudisha kama kilivyokuwa.

Miongoni mwa wasioweza kungoja wamo hawa wawili: yule ambaye mfupa umetoboa ngozi, na yule ambaye kipande cha nyuma kimevutwa juu na kano, kikaisukuma ngozi hata ikapauka. Hao waondoke saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Wengi wa waliobaki wanayo nafasi. Wapasuaji wenyewe hungoja wiki moja au mbili uvimbe upungue na ngozi ianze kukunjamana. Katika siku hizo picha ya eksirei hupigwa hospitali ya wilaya au Ndanda, na daktari akifikiria kisu, huitaka picha ya kompyuta katika hospitali kubwa. Kutopasuliwa si kuachwa. Mguu huinuliwa juu ya mto, kifundo huchezeshwa mapema kama daktari aelekezavyo, na mgonjwa hutembelea magongo wiki 6 hadi 8 au zaidi bila kukanyaga. Hapa ndipo wengi wetu hushindwa, kwa kuona haya kukaa bure wakati wa mavuno.

Aliyeumia kazini amwarifu mwajiri wake mapema kwa maandishi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, huwahusu watumishi wa serikali pia, na madai yasiyo na karatasi huchelewa.

Sasa nayapokea maswali.