Ini Hukua Tena: Je, Homoni Husaidia Baada ya Upasuaji?

  Popote ulipo, Pap Onditi sokoni, Katito, Sondu au kule ufuoni, vuta kiti usikilize.

Leo tunazungumza nawe mama, nawe mlezi, unayemtunza mtu aliyekatwa sehemu ya ini. Huenda alitoka hapa akatumwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, au mbele hadi Kenyatta kule Nairobi. Sasa amerudi nyumbani, na majirani wanakuambia: mnunulie homoni, ini lake limee upesi. Je, ni kweli?

Kwanza tujue ini lenyewe. Liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Husafisha damu, huhifadhi nguvu ya chakula na hutengeneza nyongo. Tena lina ajabu yake: ini lenye afya likikatwa hata zaidi ya nusu, sehemu iliyobaki hupanuka na kufanya kazi ya ini zima. Kile kipande kilichotolewa hakirudi. Kilichobaki ndicho hukua, na sehemu kubwa ya kukua huko hutokea katika miezi 2 au 3 ya kwanza. Ndiyo sababu mzazi anaweza kumpa mtoto wake kipande cha ini na wote wawili wakaishi.

Homoni nazo ni nini? Ni wajumbe wa mwili, wanaosafiri katika damu. Insulini, kwa mfano, hutoka kwenye kongosho na kufika moja kwa moja kwenye ini. Ni mmoja wa wajumbe wanaolisaidia ini kukua. Wataalamu wamejaribu pia homoni ya tezi ya shingoni kwa panya, na seli za ini zikaongezeka. Lakini panya si binadamu. Hadi leo, homoni si matibabu ya kawaida ya kukuza ini la mgonjwa aliyepasuliwa.

Tena zina hatari. Insulini kwa asiye na kisukari huweza kushusha sukari hadi azimie. Homoni ya tezi ikizidi, moyo hupiga mbio. Vidonge vya steroidi vya kujenga misuli huweza kuliharibu ini lile lile unalotaka kuliponya. Kwa hiyo, mama, usinunue homoni kwenye kemisti wala kwa mchuuzi sokoni. Na kama mgonjwa ni mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, amwambie daktari kabla ya kuendelea navyo. Lakini kama daktari mwenyewe amempa homoni kwa ugonjwa mwingine, asiziache bila kumwuliza.

Basi umsaidie vipi? Mlishe. Chakula chenyewe huuamsha mwili utoe insulini yake, kwa kiasi kinachofaa. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi: uji, ugali, omena, mayai, maharagwe, mboga na matunda, kama daktari hakumkataza. Asinywe pombe kabisa, si chang'aa, si bia. Asinywe manyasi, mengine hulidhuru ini, na ini lililokatwa halina nguvu ya kuyahimili. Hata dawa ya maumivu, fuata kipimo ulichopewa.

Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo ukiona macho ya manjano, homa, tumbo kuvimba, kidonda kutoa usaha, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au akianza kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Kumbuka pia kwamba ini lenye makovu halikui vizuri. Makovu hayo huletwa na pombe, homa ya ini aina ya B, na kichocho cha majini. Kwa hiyo mpeleke mtoto chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kinga ya homa ya ini ya B imo ndani yake nchini Kenya tangu mwaka 2001. Watoto wasikose dawa ya kichocho inapogawiwa. Anika mahindi yakauke kabisa, na yenye ukungu usipike. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui, na sumu hiyo hushambulia ini.

Na wewe mwenye mtoto mchanga: macho yakiwa bado manjano baada ya siku 14, au choo chake kikiwa cheupe, usimwote jua tu ukingoja. Mpeleke hospitali mara moja. Huenda mfereji wa nyongo umeziba, na upasuaji wake hufaulu zaidi mtoto akiwa hajafika siku 60.

Kwa ufupi basi: ini hukua lenyewe. Kazi yako ni chakula, kulikinga na sumu, na kurudi kliniki. Homoni mwachie daktari.

Mwambie na jirani uliyoyasikia. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema.