Nani Anachukua Kodi?

Msikilizaji, nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Kariakoo haina siri. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Mwezi ukiandama mtu huja kuchukua kodi, na mtaa mzima unamjua: ni mwenye nyumba mwenyewe, au kijana wake aliyetumwa.

Kwa hiyo katika masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mimi naliona moja kuwa kali kuliko yote. TANU ilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Hisa nani anaziona? Lakini nyumba! Mpangaji wa chumba cha uani, hata kama hakuvuka darasa la nne, alikuwa na la kuuliza, na hakuhitaji mkaguzi wala mwanasheria wa kumsaidia.

Sharti hilo liliuma. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake TANU kwa maelfu miaka ya 1950, alikuwa na nyumba zake za kupangisha. Hakuzificha. Alilipinga sharti, akajiuzulu uongozi mwaka huohuo. Namheshimu kwa hilo kuliko yeyote aliyepiga makofi ukumbini kisha akaenda kuandikisha nyumba kwa jina la shemeji.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikayalegeza masharti. Sisemi walikosea kulegeza. Mshahara wa miaka ile haukumfikisha mtu katikati ya mwezi; wakubwa kwa wadogo walifuga kuku uani na kuuza maandazi. Ninachosikitikia ni kipimo kuhama mtaani kikaenda ofisini. Kwa sheria ya maadili ya mwaka 1995, kiongozi anajaza fomu ya mali na madeni yake, anaipeleka Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kabla Desemba haijaisha. Ni jambo jema. Ila wewe na mimi hatuingii pale tukafunua daftari tutakavyo. Kuna taratibu na masharti yake.

Basi kibarazani tumebakiwa na nini? Nasikia ana ghorofa. Nasikia yale mabasi ni yake. Tunasema sana, pengine kuliko wazee wetu, maana sasa kila mtu ana simu mkononi. Lakini “nasikia” haijamng'oa mwizi kwenye kiti, na asiye na hatia, aliyejenga kwa mkopo anaoulipa mpaka leo, haimsafishi.

Yule mpangaji wa Magomeni bado anajua kodi anampa nani. Ila siku hizi akisimama mkutanoni kuuliza, huulizwa yeye kwanza: una ushahidi gani?